Kimzinga hakimdumazi malkia, tazama nyuki uliowatia ndani

Swali: "Nina mizinga minne ya kawaida. Mmoja ulikuwa unajiandaa kutoa pumba, yaani sehemu ya nyuki kuondoka na malkia, nikakuta seli za malkia (vijumba vya nta anamokulia) zimeshafunikwa. Nilizikata nikaziweka moja moja kwenye vimzinga sita nilivyotengeneza mwenyewe. Kila kimoja nilikitia bilauri moja ya nyuki niliowakung'uta kwenye masega ya asali, na mchana uleule nikafungua milango. Nimekuwa nikivikagua kila baada ya siku mbili. Viwili vina malkia wanaotaga vizuri. Viwili nyuki walipungua ndani ya siku chache hadi wakabaki wa kujaza kiganja. Kimoja wamehama wote. Kimoja malkia anataga, lakini wanaotoka ni madume watupu. Mfugaji mwenzangu anasema kosa ni udogo wa mizinga, kwamba malkia akikulia padogo hudumaa, na kwamba ningewafungia bikira, yaani malkia wasiopandwa bado, pamoja na madume ndani wapandane humo bila kupotea. Je, ni kweli? Na mzunguko ujao nifanyeje?"

Jibu: Umeeleza vizuri, na maelezo yako yenyewe yanaonyesha mahali mambo yalipoharibika. Una matatizo matatu yaliyoangukia mzunguko mmoja: nyuki kupungua, nyuki kuhama, na malkia asiyepandwa. Kila moja lina chanzo chake, na hakuna hata moja lililoletwa na ukubwa wa sanduku peke yake. Usijilaumu kupita kiasi. Hata wanaozalisha malkia kwa biashara huhesabu kwamba bikira mmoja kati ya wanne au watano hatarudi kutoka angani. Kwa vimzinga sita, wanne wanaotaga ni matokeo mazuri.

Nianze na la mwenzako kuhusu malkia kudumaa, maana lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowachanganya wengi.

Yai linalotoa malkia halina tofauti na yai linalotoa kibarua, yaani nyuki mfanyakazi. Hukaa siku 3, kisha buu hutoka na kuanza kulishwa maziwa yanayotoka kwenye tezi za kichwani mwa nyuki walezi. Buu la kibarua hubadilishiwa chakula baada ya siku kama 3, likaanza kupewa mchanganyiko wenye asali na chavua. Buu la malkia huendelea kupewa maziwa, tena mengi kiasi kwamba linaelea juu yake, hadi seli ifunikwe karibu siku ya 5 tangu lianguliwe. Wingi huo wa chakula hubadili homoni, na homoni ndizo zinazoamua ukubwa wa ovari. Malkia huwa na mirija ya mayai zaidi ya 100 kila upande, kibarua ana michache ya kuhesabu kwa vidole. Seli ikishafunikwa, hakuna anayelisha tena. Kuanzia hapo kinachotakiwa ni joto la nyuzi 34 hadi 35 na utulivu. Malkia akishatoka, mwili wake haukui, awe kwenye mzinga mkubwa au kwenye kisanduku cha viatu.

Hiyo ina maana kwamba seli iliyolelewa kwenye kundi kubwa, halafu ikahamishiwa kwenye kimzinga ikiwa imekomaa, hutoa malkia kamili. Zako zililelewa kwenye mzinga wenye nguvu, na wale wawili wanaotaga vizuri wanathibitisha hivyo. Nusu ya ukweli ya mwenzako ni hii: ukiacha kimzinga chenyewe kilee malkia kutokana na mayai, hapo utapata malkia hafifu. Walezi ni wachache, joto linapanda na kushuka, na mara nyingi nyuki walioachwa bila malkia huchagua buu lililokwisha kupita umri. Malkia wa namna hiyo anaweza kuonekana mzima, akataga miezi michache, kisha nyuki wakambadilisha. Kimzinga ni cha kumpandishia malkia. Kulea kunabaki kazi ya kundi kubwa.

Kuna jambo jingine linalowafanya watu waseme malkia amedumaa. Bikira akitoka anaonekana mkubwa kiasi, lakini baada ya siku mbili tatu tumbo linasinyaa, anakimbia kwenye sega na kujipenyeza chini ya nyuki wenzake. Ukifungua siku ya nne unaweza kuapa kwamba hayupo. Tumbo lake hurefuka tena akishapandwa na ovari zikianza kufanya kazi. Usimhukumu kwa umbo kabla hajaanza kutaga.

Sasa pendekezo la kuwafungia pamoja na madume. Hili lilijaribiwa zamani sana. Anton Janscha, Mslovenia aliyefundisha ufugaji wa nyuki Vienna katika karne ya 18, alikwisha kueleza kwamba malkia hupandwa nje ya mzinga. François Huber wa Geneva, aliyekuwa kipofu na kutegemea macho ya msaidizi wake, aliwafungia mabikira ndani ya mizinga iliyojaa madume. Wote walibaki bila kupandwa, ilhali walioruhusiwa kuruka walirudi na alama za kupandwa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1792, na hakuna aliyeyapindua hadi leo.

Sababu iko kwenye maumbile ya tendo lenyewe. Madume hukusanyika angani mahali maalumu, kwa kawaida mita 10 hadi 40 juu ya ardhi, na hutambua malkia anayeruka kwa harufu na kwa kumwona dhidi ya anga. Yuleyule akitembea kwenye sega wanapishana naye bila habari. Dume anapompanda, kiungo chake hupinduka nje kwa shinikizo, hukatika, na dume huanguka akafa. Malkia hupandwa na madume 12 hadi 20 hivi, katika safari moja au zaidi ndani ya siku chache, kisha huhifadhi mbegu milioni 5 hadi 6 katika kifuko kimoja tumboni. Akishaanza kutaga hatoki tena kutafuta madume. Hizo ndizo mbegu zake za maisha. Njia pekee ya kuepuka safari hiyo ni kupandikiza mbegu kwa chombo maalumu chini ya hadubini, malkia akiwa amelazwa kwa gesi ya kaboni dioksidi. Hiyo ni kazi ya maabara yenye mtu aliyefunzwa, na kwa mwenye mizinga minne haina faida.

Kwa hiyo bikira lazima aruke. Kazi yako ni kuhakikisha ana mabawa mazima, ana madume waliokomaa wa kumpokea, na ana kundi tulivu la kumngoja.

Nije kwenye vimzinga viwili vilivyopungua, maana hapa ndipo kuna la kujifunza zaidi. Bilauri moja, yaani mililita 250 hadi 300, ni kipimo sahihi kwa kimzinga kidogo. Ni nyuki kama elfu moja. Kosa ni aina ya nyuki. Nyuki walioko kwenye masega ya asali wengi ni wa umri wa kati na wakubwa, na kati yao wapo waliokwisha kujua njia ya kwenda kuchuma. Ulipofungua milango mchana uleule, karibu na mizinga walikotoka, walitoka wakarudi kwao. Waliobaki hawakutosha kuweka joto, na seli ikapoa kabla malkia hajatoka. Kimzinga kinahitaji nyuki walezi, wachanga, ambao hawajawahi kuruka mbali. Hao wanapatikana sehemu moja tu: juu ya masega yenye majana (watoto wa nyuki) yasiyofunikwa.

Wakusanye hivi. Chagua saa ambazo nyuki wengi wako nje wanachuma. Kwanza mtafute malkia wa mzinga unaotoa nyuki, mtenge na fremu yake (kiunzi cha mbao chenye sega) kwenye boksi lenye kifuniko. Hatua hii usiiruke hata kama una haraka, maana malkia mzee akiingia kwenye bilauri umepoteza mzinga na seli kwa pamoja. Kisha toa fremu ya majana, itikise kidogo tu. Wakubwa wataruka, wachanga watang'ang'ania. Sasa ikung'ute kwa nguvu juu ya beseni pana na uwanyunyizie ukungu wa maji, wapate unyevu wasiruke, bila kuwalowesha. Fremu zenye seli za malkia usizikung'ute kabisa, tumia brashi. Ukiweza, changanya nyuki wa mizinga miwili kwenye beseni moja. Wakichanganyika na wote hawana malkia, hugombana kidogo sana. Chota bilauri kwa kila kimzinga, mimina, funika.

Baada ya hapo usifungue mlango. Viweke mahali penye giza na ubaridi kiasi, penye hewa kupitia wavu wa chini au wa pembeni, kwa siku 2 hadi 3, na uwanyunyizie maji kidogo kila siku kupitia wavu huo. Ndani wawe na chakula tangu mwanzo: kama nusu kilo ya sukari laini iliyokandwa kwa shira hadi iwe donge gumu. Shira yenyewe kwenye kimzinga huzamisha nyuki na harufu yake huita wezi. Usikande kwa asali usiyoijua ilikotoka, maana vimelea vya ugonjwa mbaya wa majana hukaa ndani ya asali miaka mingi. Seli iingize jioni ya siku uliyojaza au kesho yake, wakishatambua kwamba hawana malkia. Siku ya kufungua milango, peleka vimzinga mahali pake jioni jua likizama, ufungue hapo. Usiku unawapa muda wa kutulia, na asubuhi watatoka taratibu wakisoma mazingira mapya.

Mlango uwe mdogo, wa kupita nyuki mmoja au wawili kwa wakati, yaani sentimita 1 hadi 2. Kundi dogo haliwezi kulinda mlango mpana, na wizi ukianza hausimami hadi chakula kiishe. Miguu ya stendi iwekwe kwenye vikopo vyenye oili ili kuzuia siafu na sisimizi. Kivuli ni muhimu sana. Kisanduku kidogo hupata moto haraka kuliko mzinga, na joto kali ni mojawapo ya sababu za nyuki kuhama.

Kuhusu kile kilichohama. Nyuki elfu moja wasio na majana ya kulea hawana kinachowashika pale. Mara nyingi hutokea siku ambayo bikira anatoka kwenda kupandwa: kundi zima linamfuata na halirudi. Nyuki wa jamii za Kiafrika wana mwelekeo mkubwa zaidi wa kuhama, basi kama ndio ulionao, chukua hadhari zaidi. Dawa yake ni kipande cha sega chenye majana, cha ukubwa wa kiganja, kilichofungwa kwenye fremu ya kimzinga. Lakini angalia ni majana gani. Ukiweka mayai au mabuu madogo, wanaweza kuanza seli zao wenyewe na kuiharibu uliyowapa. Weka mabuu makubwa yanayokaribia kufunikwa pamoja na yaliyofunikwa tayari; hayo yanawashika bila kuwapa njia ya kutengeneza malkia mwingine. Faida ya pili ni kwamba wanaotoka humo wanajaza nafasi ya wanaokufa.

Sababu nyingine ya kuhama ni kufunguliwa mara kwa mara, na hapa sina budi kusema wazi: kukagua kila siku mbili kumekugharimu. Kila ukifungua unatoa joto, unatoa harufu, na ukifungua alasiri unaweza kumkuta malkia yuko angani. Anarudi, kifuniko kimehamishwa, mtu amesimama mbele ya mlango, moshi umetanda. Anaingia kwa jirani na kuuawa. Wakati mwingine nyuki walioshtushwa humzunguka bikira wao wenyewe na kumbana hadi afe. Kwa hiyo fungua mara moja, siku 2 au 3 baada ya malkia kutarajiwa kutoka, mapema asubuhi, uangalie seli tu. Seli ambayo malkia ametoka salama ina ncha iliyokatwa mduara safi, mara nyingi kifuniko chake bado kinaning'inia upande mmoja. Ikiwa imetobolewa ubavuni na kingo zimechanika, ameuawa kabla hajatoka, na yumo malkia mwingine ndani au nyuki hawakumkubali. Ikiwa imefungwa bado, ipasue. Utaona kama alipoa. Ukishaona alitoka, funga na usifungue tena kwa siku 14. Kama una wasiwasi, simama pembeni utazame mlango: nyuki wakiingiza chavua kwa wingi, kuna dalili nzuri.

Sasa yule anayezaa madume. Dume hutoka kwenye yai lisilorutubishwa. Malkia aliyeshindwa kupandwa ndani ya wiki 3 hadi 4 za mwanzo huanza kutaga hivyohivyo, na kila yai linakuwa dume. Utaona vifuniko vimetuna juu ya vijumba vidogo vya vibarua. Ila kwanza hakikisha ni yeye. Malkia hutaga yai moja, limesimama katikati ya sakafu ya kijumba. Ukiona mayai mawili, matatu au zaidi kwenye kijumba kimoja, mengine yamebandikwa ubavuni, hao ni vibarua wanaotaga, ambao matumbo yao hayafiki chini. Hilo hutokea kundi likikaa wiki kadhaa bila malkia na bila majana. Vyovyote iwavyo hakuna tiba: huyo malkia mwondoe, hawezi kupandwa tena, na nyuki waliobaki waunganishe na kimzinga kimojawapo kizuri kupitia karatasi ya gazeti iliyotobolewa matundu machache. Kama ni vibarua wanaotaga, usiwaunganishe na malkia mpya mdogo. Wakung'ute mbele ya mzinga mkubwa wenye nguvu na uondoe kisanduku.

Kwa nini hakupandwa? Kuna uwezekano wa aina tatu. Kwanza ni hali ya hewa. Bikira hutoka alasiri zenye jua, upepo mdogo na joto la kama nyuzi 20 au zaidi; mvua ikinyesha wiki mbili mfululizo, muda wake unapita. Kama ingekuwa hivyo, wale wengine wawili nao wangeshindwa, kwa hiyo siipi uzito.

Pili ni mabawa. Ulikata seli zilizofunikwa bila kujua umri wake. Seli hukaa imefunikwa siku 7 hadi 8, na nusu ya kwanza ya kipindi hicho ndani mna kiumbe laini ambacho mabawa yake ndiyo kwanza yanaumbika. Ukiitikisa, ukiilaza au ukiiacha ipoe wakati huo, malkia anaweza kutoka akiwa na bawa lililokunjika. Anatembea, anakubaliwa, lakini haruki. Kabla hujamwondoa mtazame kwa makini, utapata jibu la hili papo hapo.

Tatu ni madume, na hapa watu wengi husahau kuhesabu. Dume huchukua siku 24 kutoka yai hadi kutoka, kisha huhitaji kama wiki 2 nyingine mbegu zake zikomae. Jumla ni siku 38 hivi. Malkia anahitaji siku 16 kutoka yai hadi kutoka na 5 au 6 nyingine ili awe tayari kuruka. Maana yake, siku unayopanga yai la malkia litagwe, mizinga mingine iwe tayari ina majana ya madume yaliyofunikwa. Ukiona madume wachache tu wanatembea, bado ni mapema. Na wasitoke kwenye mzinga wa mama peke yake. Dume ndugu akiwa na nakala ileile ya jeni inayoamua jinsia kama mojawapo ya mbili alizo nazo malkia, nusu ya mayai anayorutubisha yeye hugeuka madume yasiyofaa, na vibarua huyala mara tu yanapoanguliwa. Sega linakuwa na matundu matundu ingawa malkia anataga kwa bidii. Mizinga minne yenye asili moja ni michache kwa kazi hii. Bahati nzuri malkia huruka kilomita kadhaa, hivyo makundi ya jirani na ya porini yanakusaidia.

Kwa mzunguko ujao nakushauri usitegemee seli za pumba. Chakula chake ni kizuri, hilo sibishi, lakini hujui umri wake, na kila mwaka utakuwa unazidisha uzao wa mzinga unaopenda kutoa pumba. Chagua mama mwenyewe: kundi pole, lenye asali, linalokaa. Katikati ya majana yake weka sega tupu la rangi ya kahawia, lililokwisha kulelewa majana mara moja au mbili. Siku ya 4 mabuu yatakuwa yameanza kuanguliwa. Unayotaka ni yale yanayolingana na yai kwa ukubwa, yamejipinda kidogo katika tone la maziwa. Ukiliona buu bila kukaza macho, limeshapita.

Siku moja kabla, kwenye mzinga wako wenye nguvu kuliko yote, mwondoe malkia na fremu mbili umweke kwenye sanduku lake. Toa pia fremu zenye mayai na mabuu madogo, ubakize yaliyofunikwa, asali na chavua. Sega la mama mteule likate upande wa chini hadi ufikie mstari wa mabuu madogo, ili chini yake kuwe na nafasi wazi ya seli kuning'inia. Kwenye ukingo huo ponda vijumba viwili, bakiza kimoja, na kuendelea, ili seli zisishikane ukashindwa kuzitenganisha. Liweke katikati ya mzinga huo usio na malkia. Kama maua hayatoi, wape shira ya sukari na maji sawa kwa sawa kila jioni hadi seli zifunikwe. Seli 10 hadi 15 zinatosha. Ukitaka 40 utapata 40 zenye njaa. Siku ya 9 pitia fremu zote nyingine uvunje seli yoyote iliyojengwa nje ya mpango, kwa sababu moja tu ikitoka mapema, malkia wake ataua zote.

Wapo wanaohamisha mabuu kwa kijiko chembamba kwenda kwenye vikombe vya nta. Ni njia nzuri ukitaka wengi, lakini inataka mkono na macho. Buu lichukuliwe kutoka mgongoni na liwekwe kikombeni upande uleule ukiwa juu, maana hupumua kwa matundu ya upande huo, likigeuzwa hufa. Kwa malkia sita usijisumbue.

Tarehe, ukihesabu siku yai lilipotagwa kuwa 0: mabuu siku ya 3 hadi 4, seli kufunikwa siku ya 8 au 9, kuhamishia kwenye vimzinga siku ya 14, malkia kutoka siku ya 16, safari kuanzia siku ya 21 hivi, mayai ya kwanza karibu siku ya 26 hadi 30. Nyuki wa Kiafrika huwahi kwa siku moja hivi, basi wao hamisha siku ya 13. Andika tarehe hizi kwenye kifuniko kwa kalamu, kichwani zitakupotea. Unapobeba seli, ishike wima ncha ikiwa chini, ibaki na joto la nyuki, na uikate pamoja na kipande cha sega juu yake. Izungushie karatasi ya alumini ubavuni ukiacha ncha wazi. Nyuki wasioipenda hutoboa ubavu, ncha huiacha.

Vimzinga usivipange mstari mmoja vyote vikitazama upande mmoja. Viachane mita 2 au zaidi, milango ielekee pande tofauti, kila kimoja kiwe na alama yake. Rangi ya bluu, ya njano na nyeupe nyuki huzitofautisha, nyekundu hawaioni.

Uliuliza pia, kwa namna yako, kama uendelee na vidogo. Vidogo vinatumia nyuki wachache, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Kwa upande mwingine vinakufa njaa haraka, vinahama kwa urahisi, na malkia mzuri hujaza vijisega vyake kwa siku chache akakosa pa kutaga. Nionavyo mimi, mwenye mizinga minne anafaidika zaidi na masanduku ya fremu 3 za kawaida: moja ya majana yanayokaribia kutoka, moja ya asali na chavua, moja tupu, na walezi wa fremu moja zaidi waliokung'utwa humo. Inagharimu nyuki wengi, hivyo utatengeneza matatu tu badala ya sita, lakini hata malkia akishindwa hupotezi kitu, unarudisha fremu ulikozitoa. Na hapo malkia anaweza kuachwa atage wiki 3 hadi 4 kabla ya kuhamishwa. Muda huo una faida: aliyezoea kutaga hupokelewa kwenye mzinga mpya vizuri kuliko aliyetolewa siku ya pili baada ya yai la kwanza. Vidogo ulivyonavyo usivitupe, vitumie utakapokuwa na makundi ya kutosha kutoa walezi.

Wale wawili wazuri waache hadi uone majana yaliyofunikwa kwa vifuniko bapa, bila matundu mengi. Hapo ndipo utajua kwa hakika wamepandwa vya kutosha.

Tafuta mtu wa kuja kuona kwa macho yake ukikuta hali mbili. Ya kwanza ni ukipanga tarehe sawasawa, hali ya hewa ikawa nzuri, na bado malkia wakazaa madume mizunguko miwili mfululizo. Mfugaji mzoefu akikaa nawe alasiri moja ataona kama madume wapo. Ya pili haingoji mizunguko. Ni vifuniko vya majana vilivyobonyea na kutoboka, harufu ya kuoza, na buu lililogeuka ute wa kahawia unaovutika kama uzi ukilichokoa kwa kijiti. Hapo mwite ofisa wa nyuki au wa mifugo, na usihamishe fremu, nyuki wala seli kutoka mzinga huo kwenda mwingine kabla hajauona.